Maziwa yakikukataa: pima tumbo kwanza, kisha chagua

"Maziwa yananikataa." Kauli hiyo utaisikia Arusha na Moshi kote, kwa mtu aliyekunywa glasi moja asubuhi akapanda daladala Tengeru, na kabla hajafika Sanawari tumbo limeshaanza kuunguruma. Wengi huishia hapo: wanayaacha maziwa yote na kuhamia chai ya rangi. Wengine wanatafuta maziwa ya mbuzi kwa bei ya juu wakiamini wamepata dawa. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, jua ni kitu gani hasa ndani ya glasi kinachokusumbua. Inaweza kuwa sukari ya maziwa, inaweza kuwa protini yake, inaweza kuwa vijidudu. Na mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, kosa si la maziwa bali la makande yaliyoliwa pamoja nayo.

Sukari ndiyo mshukiwa wa kwanza

Maziwa ya mnyama yeyote anayefugwa hapa yana sukari iitwayo laktosi. Utumbo mwembamba hauwezi kuichukua ilivyo. Ni lazima ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa kwenye ukuta wa utumbo huohuo. Mtoto mchanga anacho tele, kwa kuwa maziwa ndiyo chakula chake. Kwa watu wengi duniani kimeng'enya hiki hupungua miaka kadhaa baada ya kuachishwa ziwa.

Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana. Huko hufanya mambo mawili: huvuta maji, na huliwa na bakteria ambao hutoa gesi. Ndiyo sababu dalili zake zinafanana kwa karibu kila mtu: tumbo kujaa, kuunguruma, ushuzi, kisha choo chepesi, pengine chenye povu. Huanza kati ya nusu saa na saa mbili au tatu baada ya kunywa. Zinaudhi, lakini haziharibu utumbo.

Baadhi ya jamii zilizofuga kwa vizazi vingi zina badiliko la jeni linaloiacha laktesi iendelee kufanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan badiliko hilo si lile la Ulaya. Lilizuka lenyewe huku kwetu. Ndiyo maana mzee wa Monduli anamaliza kibuyu na kuendelea na safari. Lakini usitumie kabila kama kipimo. Ndugu wawili waliolelewa nyumba moja wanaweza kutofautiana kabisa.

Jambo linalosahaulika ni kiasi. Watu wengi wenye laktesi kidogo huvumilia takriban gramu 12 za laktosi kwa mkupuo mmoja, hasa zikiingia pamoja na chakula. Sasa piga hesabu ya jikoni. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 4.8 kwa kila mililita 100, kwa hiyo glasi ya mililita 250 ina gramu 12 kamili: uko mpakani. Kikombe cha chai ya maziwa iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kina gramu 6. Kijiko cha chakula cha maziwa ya unga, kikiwa kimejaa, kina gramu 3 hadi 4, na anayeweka vijiko vinne kwenye uji anajimiminia glasi nzima bila kujua. Mgando wa glasi hiyohiyo una kama gramu 9. Siagi na samli hazina kitu cha kutaja, na jibini gumu lililokomaa lina chini ya gramu 1 kwa gramu 100.

Kuchemsha hakupunguzi laktosi. Kuengua utando wa juu hakupunguzi pia, maana unaondoa mafuta tu. Tena maziwa yasiyo na mafuta huondoka haraka tumboni na kufika utumboni kwa kishindo, hivyo kwa baadhi ya watu husumbua zaidi kuliko yale yenye mafuta yake.

Jipime kwa siku nane

Hospitali kubwa zina njia za kupima, lakini kwa mtu mzima mwenye afya daftari na saa vinatosha kuanzia. Usifanye jaribio hili ukiwa unaharisha, ukiwa kwenye dozi ya antibaiotiki, au ndani ya wiki mbili au tatu baada ya ugonjwa wa tumbo. Kuhara kunakwangua ukuta wa utumbo ambako laktesi hukaa, na mtu ambaye kwa kawaida hana shida anaweza kuyakataa maziwa kwa muda, kisha akarudi kuwa sawa.

1. Siku ya 1 hadi ya 3: acha maziwa yote. Chai iwe ya rangi, uji bila maziwa ya unga, hakuna aiskrimu wala mtindi. Siagi kwenye mkate haina shida. Kama tumbo linaendelea kujaa vilevile siku ya tatu, maziwa si mshukiwa wako; angalia maharage, kabichi, soda, au nenda kapimwe minyoo na amiba.
2. Siku ya 4, asubuhi kabla ya kula: kunywa mililita 250 za maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kupoa kidogo, bila sukari, bila majani ya chai. Usile chochote kwa saa tatu, maji unaruhusiwa. Andika hali ya tumbo baada ya nusu saa, saa moja, mbili na tatu.
3. Siku ya 5: pumzika, bila maziwa.
4. Siku ya 6: rudia, safari hii kwa mililita 250 za mgando usiotiwa sukari.
5. Siku ya 7: pumzika.
6. Siku ya 8: mililita 125 za maziwa yasiyoganda pamoja na kifungua kinywa cha kawaida, mkate au viazi au ndizi za kuchemsha.

Usiyachukulie majibu kama mtihani wa kufaulu na kufeli. Siku ya 4 ikiwa mbaya na ya 6 ikawa nzuri, shida ni laktosi na dawa yako ni mgando. Siku ya 4 mbaya, ya 8 nzuri: shida ni kiasi na tumbo tupu, kunywa nusu glasi, pamoja na chakula, mara mbili kwa siku. Siku zote tatu zikiwa shwari, acha kuyasingizia maziwa. Na kama hata mgando umekuletea vipele, kuvimba midomo, kutapika au kubanwa kifua, hiyo si laktosi. Huo ni mzio wa protini. Usijipime tena nyumbani, mwone daktari.

Kuhusu makande: mahindi na maharage yana sukari zake ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuzikata, nazo huishia kwa bakteria walewale wa utumbo mpana. Mtu anakula sahani ya makande, anashushia na glasi ya maziwa, anajaa kama ngoma, kisha anasema maziwa yamemkataa. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale, ndipo ujaribu tena kabla ya kutoa hukumu.

Kwa nini mgando unapita pale maziwa yanapokwama

Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi. Kwa kawaida robo hivi ya sukari huondoka. Wale waliobaki hai huingia nawe tumboni na kuendelea kuikata humo, hasa wale wa mtindi. Na kwa kuwa ni mzito, mgando huteremka polepole, kwa hiyo laktesi yako kidogo hupata muda wa kufanya kazi. Wameru na Waarusha wanaokula loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na mgando, wamekuwa wakipata faida hiyo siku zote bila kuhitaji maelezo ya laktosi.

Shida ya mgando wa kienyeji si kugandisha, ni kwamba mara nyingi maziwa huachwa yagande yakiwa mabichi. Asidi haiui kwa uhakika vijidudu vya brusela wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Brusela huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Mtu hutibiwa malaria, kisha taifodi, na homa inarudi. Kibuyu kilichofukizwa moshi wa mzeituni pori kinaleta harufu nzuri na kupunguza baadhi ya vijidudu vya kibuyuni, lakini hakichukui nafasi ya jiko.

Bibi atakwambia maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri, bali huoza. Anasema kweli. Kuchemsha kunaua wabaya pamoja na wale wa kugandisha, na anayeingia baadaye ni yeyote aliye hewani. Ndiyo maana baada ya kuchemsha ni lazima urudishe mbegu, yaani mgando kidogo wenye bakteria hai.

Kwa lita 2: mimina maziwa kwenye sufuria safi, pandisha moto huku ukikoroga chini yasiungue. Yakianza kupanda, punguza moto na uyaache yachemke dakika 5. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Isikutie wasiwasi: kuua brusela kunahitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15, na umeshapita mbali.

Funika, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa haraka. Dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono: usisikie moto wala baridi. Ukisikia joto linalochoma hata kidogo, ngoja. Mbegu ya mgando wa kawaida inapenda nyuzi 22 hadi 30, na ikitiwa kwenye maziwa ya moto inakufa.

Chukua vijiko 4 hadi 5 vya chakula vya mgando mzuri wa jana, au mtindi wa dukani usio na sukari ulioandikwa kuwa una bakteria hai. Koroga kwanza na kikombe kimoja cha maziwa yako mpaka mabonge yaishe, kisha rudisha sufuriani na ukoroge mara chache. Funika, weka mahali pasipotikiswa. Moshi, kwenye joto la Januari, mgando huwa tayari kwa saa 14 hadi 18. Arusha mwezi Julai, usiku unapoingia baridi, utasubiri saa 24 hadi 36. Ukitaka yawahi, weka chombo ndani ya hotipoti kubwa au kizungushie blanketi. Ukitumia mbegu ya mtindi wa dukani jua kwamba hiyo inapenda joto zaidi, nyuzi 40 hadi 43. Itie maziwa yakiwa ya uvuguvugu, uyahifadhi kwenye hotipoti, na yataganda kwa saa 5 hadi 8.

Yameiva pale unapoinamisha chombo na mgando unaachana na ukingo ukiwa bonge moja, huku maji ya kijanikijani yakionekana kidogo pembeni. Peleka kwenye friji au mahali baridi. Kwa mwenye tumbo gumu zaidi kuna hatua moja ya ziada: mimina mgando kwenye kitambaa safi cha pamba, ning'iniza saa 4 hadi 6 juu ya bakuli. Lita 2 zitakupa karibu lita 1 ya mgando mzito. Laktosi huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo karibu nusu ya iliyobaki itakuwa imetoka na maji yale. Usiyanywe, yafaa kukandia chapati za wengine.

Yasipoganda kabisa baada ya siku nzima, sababu huwa tatu. Umetia mbegu kwenye moto. Mbegu yenyewe ni mzee. Au ng'ombe alikuwa anatibiwa ugonjwa wa kiwele na maziwa yana mabaki ya antibaiotiki, ambayo huua mbegu yako pia. Hili la tatu lipe uzito: likikutokea mara mbili kwa muuzaji yuleyule, muulize, na ubadilishe muuzaji kama anababaika. Mgando uliofura, wenye mapovu na harufu ya chachu au ya zizi, mwaga. Wenye rangi ya waridi au ukungu wa kijani, mwaga. Unaovutika kama mlenda, mwaga na usiuchukue tena mbegu. Lakini uliotengana maji juu na bonge chini umekaa tu muda mrefu au mahali pa joto, koroga unywe.

Angalia pia mtindi wa dukani wenye ladha za matunda. Baadhi huongezwa maziwa ya unga ili uwe mzito, na laktosi iliyoliwa na bakteria inarudi kwa mlango wa nyuma. Soma orodha ya viungo.

Maziwa mengine

Ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, gramu 4.1 hadi 4.5. Kwa hiyo kama siku ya 4 ilikuangusha, mbuzi hatakuokoa kwa hilo. Anachosaidia ni kwamba matone ya mafuta yake ni madogo na yakiingia tumboni yanaganda laini, hivyo anayesikia uzito wa tumbo zaidi ya gesi anaweza kupata nafuu. Mwenye mzio wa protini ya ng'ombe asijaribu mbuzi kama mbadala, kwa sababu protini zao zinafanana na wengi huathirika na zote mbili.

Ya ngamia, yanayotoka Longido na maeneo ya Monduli, hayana ile protini moja kuu ya maji ya maziwa iliyomo kwenye ya ng'ombe, na hayagandi kuwa bonge gumu. Laktosi ipo. Yachemshe vilevile, ngamia naye hupata brusela.

Ng'ombe wa kienyeji na wa kisasa: maziwa ya zebu yana zaidi protini aina ya A2, ya Friesian huwa na mchanganyiko wa A1 na A2. Kuna wanaosikia tumbo tulivu kwa A2. Kama una ng'ombe wa kienyeji jirani, jaribu kwa wiki, ila usilipe bei mara mbili kwa ajili ya hadithi.

Ya pakiti yanayokaa muda mrefu bila friji yamepitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache. Ni salama bila kuchemsha tena, lakini laktosi ni ileile. Yale yaliyoandikwa hayana laktosi yametiwa laktesi kiwandani. Huwa matamu zaidi mdomoni kwa sababu sukari imeshakatwa, wala si kwamba yametiwa sukari.

Ya soya hayana laktosi, lakini yana sukari za jamii ya kunde. Ukitengeneza nyumbani, loweka soya saa 8 hadi 12, mwaga maji, saga, chuja, kisha chemsha dakika 20 kamili baada ya kuanza kuchemka. Soya isiyoiva ina kitu kinachozuia kumeng'enya protini, na ndicho kinacholeta kichefuchefu kwa wanaoichemsha juujuu. Tui la nazi ni mafuta na ladha. Usilihesabu kama maziwa.

Na yale ya dumu yanayopita mtaani kwa pikipiki? Kuhara baada ya kuyanywa kunaweza kutokana na maji yaliyoongezwa, na maji hayo hujui yametoka mfereji gani. Vituo vya kukusanyia maziwa hutumia laktomita, kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa maziwa: maziwa ya ng'ombe yasiyoguswa husoma kati ya 26 na 32, na chini ya hapo shuku maji. Yakikatika jikoni yanapochemka, yalishaanza kuchacha kabla hayajakufikia.

Dawa na vidonda vya tumbo

Maziwa hutuliza kiungulia kwa muda mfupi, kisha protini na kalisi yake huliamsha tumbo kutoa asidi zaidi. Mwenye vidonda anayekunywa nusu lita usiku ili alale anajitengenezea maumivu ya saa nane usiku. Kapime bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo (H. pylori) utibiwe. Dawa yake ipo. Ukiandikiwa doksisaiklini, tetrasaiklini au siprofloksasini, tenganisha na maziwa, mgando na chai ya maziwa kwa saa 2 kabla na baada, la sivyo kalisi itaishika dawa na kutoka nayo chooni.

Watoto

Miezi 6 ya kwanza ni ziwa la mama peke yake. Kabla ya kutimiza mwaka, maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi yasiwe kinywaji kikuu: ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo na humwelemea figo, na ya mbuzi yana upungufu wa foliki asidi, hivyo yote mawili yanaweza kumletea mtoto upungufu wa damu. Baada ya mwaka, nusu lita kwa siku inatosha. Mtoto anayekunywa lita nzima hushiba, akakataa chakula, akapauka na kupata choo kigumu kama cha mbuzi. Akiharisha usimwachishe ziwa la mama. Mwendelezee, pamoja na ORS na zinki kama ulivyoelekezwa kituoni.

Nenda hospitali, iwe KCMC, Mount Meru au kituo cha karibu, ukiona damu chooni, uzito unapungua bila sababu, homa inayorudirudi, kuhara kunakokuamsha usiku, au mtoto mchanga anayetapika kila anaponyweshwa. Beba lile daftari la siku nane, na useme maziwa unayokunywa yanatoka wapi na kama huwa yanachemshwa.